Kariakoo: Tunatazama Juu, Wanachimba Chini

Jengo lililoporomoka Kariakoo asubuhi ya Jumamosi, 16 Novemba 2024, lilikuwa la ghorofa nne. Naanza na idadi hiyo kwa sababu kila ajali ile inapozungumzwa kijiweni, nakuta jengo limeshaongezeka urefu. Huyu atasema lilikuwa la saba, yule la kumi. Wala hakuna anayedanganya. Kichwani mwa mtu wa Dar es Salaam kinachoua Kariakoo ni urefu, na jengo lililoondoka na roho za takriban watu 30 haliwezi kuwa fupi.

Lakini lilikuwa fupi. Pale Mtaa wa Mchikichi unapokutana na Mtaa wa Kongo, lilikuwa miongoni mwa majengo ambayo mpita njia hapotezi muda kuyatazama, macho yanayaruka kwenda kwenye vioo vya jirani zake. Manusura na wafanyabiashara wa pale walieleza kwamba chini kulikuwa kunachimbwa, ipatikane nafasi zaidi ya maduka. Juu watu wanauza, chini watu wanachimba. Kwa siku kadhaa nchi nzima ikawa masikio kwenye kifusi, waokoaji wakiwasemesha walionaswa, ndugu wamekaa pembeni na simu mikononi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaunda tume ya kuchunguza majengo ya Kariakoo. Mitaani hukumu ilikuwa imeshatoka: maghorofa yamezidi, yabomolewe.

Ninabishana na hukumu hiyo, na sibishani kwa niaba ya wenye maghorofa. Ninaona inawapa mlango wa kutokea.

Tuanze na wanaoishi humo mchana kutwa. Ukitembea Mtaa wa Kongo siku ya kazi, kama kutembea ndilo neno, maana pale unasukumwa tu hadi ufike, utasikia lawama za kila aina: maji ya chemba, magari ya kushusha mzigo, kodi ya pango, wamachinga waliopanga bidhaa hadi mlangoni mwa duka. Lawama kwamba majengo ni marefu huisikii sana. Winga anayekushika mkono anakupeleka juu: panda juu bosi, huko bei chee. Na ni kweli, bei ya juu ndiyo ya chini, kwa sababu kodi ya fremu hupungua kadiri ngazi zinavyoongezeka. Mama anayeanza biashara ya nguo za watoto na mtaji mdogo hawezi kuota fremu inayotazama barabara, lakini ghorofa ya tatu, nyuma ya ngazi, anaweza kubanana na mwenzake. Wateja wanaotoka Lubumbashi, Lusaka na Comoro wanazijua ngazi hizo kuliko wengi wetu tulio Mbezi na Tegeta. Kwa watu hawa ghorofa ndiyo iliyowaingiza Kariakoo.

Wapo pia wanaozipenda kwa sababu ya fahari tu, na sioni aibu kusema nimo. Minara pacha ya ghorofa 35 ya uliokuwa mfuko wa pensheni wa PSPF ilipochomoza kule karibu na bandari, na baadaye jengo la Mamlaka ya Bandari likaipita, tulipiga picha tukitumia ndugu zetu walioko mikoani. Mji unaopanda juu una namna yake ya kumfanya mtu ajione naye amepanda, hata kama bado anagombania mwendokasi pale Gerezani.

Hofu ipo, tena kubwa, ila inavaa nguo ya urefu kwa kukosa nguo nyingine. Mtu anaogopa asichokiona. Akisikia mashine ya kutoboa zege ukuta wa pili, hajui kinachotobolewa ni nini, nani ameruhusu, na amuulize nani. Anachoweza kukiona na kukihesabu ni ghorofa. Basi anazihesabu.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu ukubwa wa viwanja vya Kariakoo una historia. Mpango wa kuwa na mtaa wa Waafrika upande ule ulianza na Wajerumani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, wakapiga kambi pale na jina likabaki ulimini mwetu. Narung'ombe na Mahiwa, mitaa tunayoipita tukitafuta vitenge na chaja za simu, ni majina ya mahali palipopiganwa mwaka 1917, na wapagazi hao ndio waliobeba mizigo ya vita hivyo. Mnazi Mmoja ikaachwa wazi, uwanja wa kuwatenga Waafrika na Uhindini. Kisha viwanja vikapimwa kwa kipimo cha nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, vitatu kila upande, korido katikati, baraza mbele, uani jiko na choo.

Kiwanja hichohicho ndicho leo kinachobeba ghorofa kumi. Miguu ni ileile, mzigo umebadilika. Hakuna nafasi kati ya jengo na jengo, hakuna pa kuegesha gari la zimamoto, na mwenye kujenga hawezi kuchimba msingi bila kuukaribia wa jirani. Ukitaka kujua kwa nini majengo ya Kariakoo ni membamba na marefu kama kreti za soda zilizopangwa, mtazame aliyekuwa na vyumba sita.

Na huyo mwenye vyumba sita mara nyingi si mtu mmoja. Ni marehemu. Nyumba ni ya urithi, warithi ni watoto wa mama watatu na wajukuu walioko Tandika, Mbagala, Muscat na kwingineko. Anakuja mtu mwenye fedha, au mwenye jamaa wa benki, anasema: ninyi toeni kiwanja, mimi nitoe jengo, tutagawana ghorofa, au nilitumie miaka kadhaa kisha liwe lenu. Shangazi aliyezaliwa chumba cha pili kushoto hataki. Wengine wanataka fedha ya ada mwezi huu. Mwisho shangazi anahamia Chanika. Nimewahi kukaa kikao cha namna hiyo, upande wa wasikilizaji, na katika saa tatu za maneno hakuna aliyeuliza nguzo zitakuwa ngapi. Kila mtu aliuliza fremu za chini zitakuwa ngapi.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Uchumi wa jengo la Kariakoo hauko kileleni, uko sakafu ya kwanza. Fremu inayotazama mtaa ndiyo inayolipa mkopo wa benki. Ukiipata huanzi na kodi, unaanza na kilemba, fedha ya kuushika mlango tu, na wapo wanaotoa kilemba kikubwa kuliko gharama ya kujenga nyumba nzima pembezoni mwa jiji. Sakafu hiyo haiwezi kurefushwa, maana kiwanja kimeishia hapo. Kwa hiyo hukatwakatwa. Fremu moja inagawanywa kwa vioo na aluminiamu ziwe tatu. Chini ya ngazi panakuwa duka la pochi. Korido inakuwa meza za simu. Sehemu iliyochorwa kuwa maegesho inakuwa stoo, na baada ya stoo inakuwa maduka. Ukuta unaozuia njia ya wateja unatobolewa mlango, na fundi akishatoboa ukuta mmoja salama, anautazama wa pili kwa macho mengine. Vyote vikishaisha, kinabaki kilicho chini ya miguu.

Ndiyo maana nasema jengo la Kariakoo haliishi kujengwa. Linafunguliwa, wapangaji wanaingia, wateja wanajaa, na ujenzi unaendelea kwa miaka, kidogo kidogo, usiku na Jumapili. Kila mabadiliko ni madogo na kila fundi ana sababu. Mchoro uliopelekwa halmashauri ulikuwa wa jengo fulani. Baada ya miaka kumi lililosimama ni jengo jingine, lenye anwani ileile.

Sheria zetu hazimjui kiumbe huyu. Zinajua jengo linalozaliwa. Ukitaka kujenga utapita kwa mipango miji, kwa msanifu aliyesajiliwa na bodi yake, kwa mhandisi mwenye bodi yake, kwa mkandarasi mwenye bodi yake, kwa watu wa mazingira, kwa watu wa usalama mahali pa kazi, kwa zimamoto. Bango linasimikwa mbele ya mabati likiwa na majina yote hayo, na mpita njia anaweza kulisoma. Siku mabati yanapoondolewa, na bango linaondoka. Tangu hapo, ukitaka kujua nani anawajibika kwa nguzo iliyo nyuma ya duka lako, huna pa kusoma.

Si kwamba ukaguzi wa wakati wa ujenzi umekuwa salama salimini. Ijumaa Kuu ya 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, pale Kisutu, liliporomoka asubuhi na kuua watu 36, wakiwamo watoto waliokuwa wakicheza karibu na msikiti wa jirani. Ghorofa zilikuwa zimepita zile zilizoidhinishwa. Hilo, kwa haki, lilikuwa kosa la juu, na hasira ya watu dhidi ya urefu ilikuwa mahali pake. Lakini tazama kilichofuata. Jengo la pili la kando yake likaamriwa libomolewe, na amri ile ikageuka hadithi ya miaka, tarehe zikitangazwa na kupita, wakazi wa jirani wakihamishwa kimawazo kila msimu. Waliokuwa wakiishi chini ya kivuli chake walijifunza kwamba hata Serikali ikikubali jengo ni hatari, jengo haliondoki.

Kisutu ina kidonda kingine kinachofanya watu wake wapokee ghorofa kwa namna tofauti na Kariakoo, nitakipitia haraka. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo nyumba zile za ghorofa mbili tatu, zenye roshani na majina ya wenyewe yaliyochongwa juu, ambazo baadaye ziliingia kwenye ubia na wajenzi binafsi. Mpangaji wa miaka arobaini anapoletewa barua ya kuhama kupisha mnara, anasikia mlio wa mwaka 1971 kwa mara ya pili. Ukimwambia anapinga maendeleo, unazungumza na mtu mwingine asiyekuwapo hapo.

Kariakoo hakuna uchungu huo wa kutaifishiwa, au ni kidogo. Uchungu wa Kariakoo ni wa kutoambiwa.

Kuna jambo linanishangaza kila nikipita pale sokoni. Soko kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, lina sakafu chini ya ardhi. Watu wanaiita Shimoni. Vizazi vimenunua nazi, pembejeo na vyombo humo. Soko liliungua Julai 2021, paa na bidhaa vikateketea, machozi yakamwagika. Shimo halikumeza mtu. Kuchimba chini Kariakoo basi kunawezekana, tena kulifanyika na Mtanzania, kabla hatujawa na hata nusu ya wahandisi tulionao sasa. Tofauti ni kwamba Shimoni ilichorwa kabla nguzo ya kwanza haijasimama. Nguzo zile zinazofunguka juu kama miavuli zilijua tangu mwanzo kwamba zina chini. Kuchimba chini ya jengo ambalo limeshakalia ardhi yake, huku maduka yakiwa wazi, ni kumwambia mtu aliyejitwika ndoo avue viatu bila kuitua.

Basi Serikali ifanye nini? Jibu la kawaida ni kuunda tume, kupita mitaani na kufunga majengo mabovu. Wakenya wamelipitia. Baada ya jengo la Huruma, Nairobi, kuporomoka Aprili 2016 na kuua watu takriban 50, wakaguzi walipita wakichora alama ya X nyekundu kwenye kuta za majengo hatari. Alama zilichorwa, na watu wakaendelea kupanga ndani ya nyumba zenye X, kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na pa kwenda hapakuwapo. Rangi haibebi jengo.

Pendekezo langu ni dogo na litawaudhi wenye majengo. Lile bango lisiondoke. Libandikwe mlangoni, kwa chuma, siku jengo linapofunguliwa: ghorofa zilizoidhinishwa, kama kuna sakafu ya chini au hakuna, mhandisi aliyesaini, na tarehe ya mwisho ya kukaguliwa. Anayetaka kukata ukuta au kuchimba apate kibali kipya, na kibali hicho nacho kibandikwe hapohapo kabla mashine haijawashwa. Mpangaji anayetoa kilemba cha mamilioni aweze kusoma, bila kuomba ruhusa ya mtu, kama duka analopewa limo kwenye mchoro. Jirani naye asome. Leo jirani hupata taarifa kwa njia ya nyufa.

Nitaambiwa halmashauri haina watu wa kufuatilia majengo yote hayo. Hapo nacheka. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, na mijini jengo la ghorofa lilianza kutozwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kila ghorofa. Kwa hiyo Serikali inajua kuhesabu ghorofa. Mita ya umeme inajua. Kinachokosekana ni mtu wa kulinganisha hesabu ya mlipa kodi na hesabu ya mchoro, na hizo ni karatasi mbili za Serikali moja.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wafanyabiashara wenyewe. Mwezi Mei 2023 walifunga maduka Kariakoo nzima wakilalamikia namna ukusanyaji wa kodi ulivyokuwa ukiendeshwa, hadi Waziri Mkuu akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena. Mahali kama hapo, mtu yeyote anayeingia na faili kwapani ni adui mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mkaguzi wa nguzo akibisha hodi, swali la kwanza ni "wewe wa mapato au wa zimamoto?", na mengi hutegemea jibu. Wapo pia wakaguzi ambao ziara yao inaishia kwenye chai, tusijifanye hatujui. Kwa hiyo sitegemei mkaguzi peke yake. Nategemea zaidi mpangaji anayeweza kusoma ukutani, kwa sababu ndiye atakayekuwa ndani.

Na gharama zitapanda, hilo nalikubali. Ukimzuia mwenye jengo kukata fremu tatu kutoka moja, ile moja itakuwa ghali. Mama wa nguo za watoto kule ghorofa ya tatu anaweza kusukumwa nje. Sina jibu safi kwa hilo. Ninachojua ni kwamba punguzo analopata sasa linalipwa na nguzo iliyochongwa.

Wazee wa Kariakoo wana malalamiko yao mengine ambayo siku hizi husikilizwa kama ngano. Wanakumbuka baraza, kahawa na kashata, ubishi wa mpira. Makao ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, ya Yanga yako Jangwani, na kulikuwa na wakati majengo ya klabu hizo yalionekana makubwa. Leo unayapita bila kuyaona. Ninawaelewa, lakini hasira yao si hii ninayoizungumzia, na nadhani tumezichanganya mbili hizi kwa muda mrefu mno. Mzee anayesikitika kwamba mtaa umebadilika, na kijana anayeogopa kwamba sakafu inatikisika, wote huishia kusema "maghorofa haya". Ofisini wanaandika sentensi moja: wananchi wanapinga maghorofa. Kisha wanatoka na takwimu za uwekezaji na kumjibu mzee. Kijana hajibiwi.

Mapema mwaka 2025 Kariakoo ilizindua biashara ya saa 24. Taa zinawaka, maduka mengine hayafungi, basi la wateja kutoka mpakani likifika saa nane usiku linakuta watu. Nimefurahi, nimeenda, nimenunua. Ila nikiwa kwenye ngazi za jengo moja kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, kama saa sita hivi ya usiku, nikasikia mashine ya kutoboa zege mahali fulani chini. Kazi zile zilikuwa zikifanywa usiku kwa sababu usiku majengo yalikuwa matupu. Nilimuuliza muuza duka kinachofanyika huko chini ni nini. Akasema labda ni fundi wa bomba. Nikauliza jengo hili lina shimo? Akanitazama, akaitazama sakafu, akanikunjia kanga yangu na kunirudishia chenji.